Upinde Kisimani: Kisasi, Majuto na Toba katika Utendi wa Fumo Liyongo

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu la swali linalomtaka mwanafunzi ajadili sifa za Fumo Liyongo akiwa shujaa wa mighani. Jibu lenyewe hulijua kabla ya kufungua karatasi. Alikuwa mrefu kupita kiasi, alikuwa na nguvu zisizo za kawaida, alikuwa malenga, alikuwa na siri ya kifo chake, alisalitiwa na mtu wa karibu, akafa. Hoja sita, alama sita, na mtahiniwa anasonga mbele. Jibu hilo si baya. Hata hivyo, linaacha nje swali ambalo msikilizaji yeyote wa hadithi hii hulazimika kujiuliza: damu ya Liyongo ililipwa na nani?

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba utendi huu, ambao tumezoea kuusoma kama sifa za shujaa, una mjadala mzito kuhusu kisasi, majuto na toba, na kwamba mtunzi hakuumaliza mjadala huo kwa njia rahisi. Kwa ajili ya kuuona vizuri zaidi, nitauweka kando ya kazi moja ya mbali sana na pwani yetu, ambayo baadhi ya wanafunzi wako wanaijua kuliko wanavyoujua utendi wenyewe.

Kwanza, matini. Utendi unaosomwa shuleni na vyuoni ni ule ulioandikwa Lamu mwaka 1913 na Muhamadi bin Abubakar bin Omar al-Bakari, maarufu kwa jina la Kijumwa. Wengi wetu tunaupata katika kitabu cha Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999, pamoja na Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona. Kijumwa hakukibuni kisa. Alikikuta kikisimuliwa na kuimbwa, akakipanga kwa beti. Wataalamu hawajaafikiana Liyongo aliishi karne gani, na si kazi ya makala haya kuwaamulia. Ila mwalimu awe mwangalifu asichanganye Shaka, mji wa Liyongo uliokuwa bara karibu na Kipini, na Shanga, mji wa kisiwani Pate ambao wanaakiolojia waliuchimba katika miaka ya 1980 na kukuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Majina yanafanana, mahali ni mbalimbali.

Kisa chenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya mtahiniwa ambaye hajapata matini. Wagala wanafika Pate kufanya biashara, wanasikia habari za Liyongo, wanamwona, wanastaajabu, wanaitaka mbegu yake. (Jina "Wagala" limo katika utendi, lakini Waoromo wenyewe hulikataa, darasani lisemwe mara moja kuwa ni jina la matini, kisha mambo yaendelee.) Liyongo anaoa kwao, anapata mtoto wa kiume. Mfalme anaingiwa na hofu kwamba mtu huyu atauchukua ufalme. Hapo ndipo uovu unapoanzia, na nakuomba msomaji ulishike jambo hili: hakuna kosa la Liyongo linalotajwa. Panachotajwa ni hofu ya mwenye kiti.

Mfalme anawatumia watu wa msituni, Wasanye na Wadahalo, ambao Liyongo anaishi nao huko alikokimbilia. Wanapanga kula makoma kwa kikoa, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo ikifika wamfume akiwa juu. Yeye anayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Baadaye anakamatwa Pate na kufungwa. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa mjakazi Saada, walinzi wanakila kizuri na kumwachia makombo. Naye kwa wimbo anamwagiza mama aoke mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele za vigoma na pembe zinafunika sauti ya tupa, na minyororo inakatika.

Wahakiki wengi hupenda kuishia hapo, kwenye werevu. Lakini liangalie jambo la pili: Liyongo ametoka gerezani akiwa na nguvu zake zote na sababu zote za kulipiza. Anajua ni nani aliyemfunga. Anajua njia ya kwenda Pate, safari ya siku kadhaa ambayo yeye huimaliza kwa siku moja. Haendi kumwua mfalme. Anarudi porini.

Je, tuseme basi Liyongo ni mtu wa amani, mtu anayekataa kumwaga damu kwa imani yake? Nimeisikia hoja hiyo, na siikubali. Mtu huyu hatembei bila upinde. Gerezani alitoka kwa nguvu, si kwa kubembeleza. Kutokwenda Pate kunaweza kuwa ni subira, au ni hesabu ya mtu mmoja dhidi ya mji mzima, au ni kwamba utendi unamtunzia jambo lililo gumu zaidi kuliko kumkabili adui. Jambo hilo ni mwanawe.

Mfalme anamwita kijana, anamwahidi uwaziri na binti wa kuoa, ili aende akaulize ni kitu gani kinachoweza kumwua baba yake. Kijana anakwenda. Baba anamtambua mara moja kuwa ametumwa, na anamwambia kuwa anahadaiwa. Kisha anamtajia siri: sindano ya shaba, achomwe nayo kitovuni.

Simama hapa na darasa lako, mwalimu. Usikimbilie sindano. Waulize wanafunzi: mtu anayejua kwamba swali analoulizwa ni la kumwua, kwa nini analijibu? Wengine watasema ni ujinga, wengine majaliwa. Kuna atakayesema ni upendo wa baba. Mimi naona kwamba hapa ndipo Liyongo anapofikia mwisho wa njia ya silaha. Nguvu zake zimemtosha mbele ya Wasanye, zimemtosha mbele ya walinzi. Mbele ya mtoto hazina kazi. Kumzuia kijana ingebidi amwue, au amfunge kama alivyofungwa yeye. Anakataa yote mawili. Hicho ndicho kitendo cha pekee cha kuweka silaha chini katika maisha yake yote, na gharama yake ni roho yake.

Sasa tuvuke bahari. Huenda umewaona vijana wakitazama katika simu zao katuni ya Kijapani iitwayo Vinland Saga, au wakiisoma kwa kurasa. Wajapani huziita hadithi hizi za picha "manga", neno ambalo kwetu pwani lina kazi nyingine kabisa, kwa kuwa Manga ni Uarabuni na ndiyo maana tunasema pilipili manga. Mtunzi wake ni Makoto Yukimura, aliyeianza mwaka 2005 na kuikamilisha mwaka 2025. Mandhari ni Ulaya ya kaskazini mwanzoni mwa karne ya 11, zama za maharamia wa Kiskandinavia waitwao Vikingi. Mhusika mkuu, Thorfinn, ametokana na mtu wa kihistoria anayetajwa katika simulizi za kale za Iceland, Thorfinn Karlsefni, aliyevuka hadi Amerika ya Kaskazini.

Kisa chake ni kama cha Liyongo kilichogeuzwa ndani nje. Huku kwetu mwana anamwua baba. Kule baba, Thors, shujaa aliyechoka kuua akahamia Iceland kulima na kulea, anauawa kwa hila mbele ya macho ya mwanawe. Mtoto anaapa kulipiza. Anamfuata muuaji, Askeladd, anaishi katika kikosi chake, anamfanyia kazi ya kuua ili kila baada ya muda apewe nafasi ya kupigana naye ana kwa ana. Miaka inapita. Kisha Askeladd anauawa na mtu mwingine, mwana wa mfalme, kwa sababu nyingine kabisa, na Thorfinn anabaki mikono mitupu. Anauzwa utumwani katika shamba la Denmark.

Yukimura anafanya hapo kitu ambacho wapenzi wa mapigano hawakukitarajia: anatumia mamia ya kurasa kuonyesha watu wawili waking'oa visiki na kupanda ngano. Usiku Thorfinn anaota wale aliowaua. Anaapa kutoua tena. Jeshi la mfalme linapolivamia shamba, anakubali kupigwa ngumi mia moja bila kurudisha hata moja, ili tu aruhusiwe kuzungumza na mfalme. Nakiri kwamba tukio hilo limekuzwa mno, lakini chuku si ngeni kwetu: Liyongo naye alitia kinu, mchi na jiwe la kusagia katika mkoba mmoja.

Sehemu inayotufaa zaidi ni ya binti aitwaye Hild. Zamani, Thorfinn akiwa haramia, alimwua baba yake. Hild anampata, anamfuma kwa mshale wa mtambo, na ana haki yote ya kummaliza. Mwishowe anamwacha hai kwa sharti: atafuatana naye, atamtazama, na siku akivunja kiapo chake mshale wa pili utamfikia. Kwa hiyo toba ya Thorfinn si hali ya moyoni tu. Ina shahidi, nayo ina kazi ya kufanywa, kwani anataka kujenga nchi isiyo na vita wala utumwa. Mara kadhaa dunia inamlazimisha kupigana hata baada ya kiapo, na mwandishi hamfichi aibu hiyo.

Hapa yatubidi kutenganisha maneno ambayo watahiniwa huyachanganya. Kisasi, neno tulilolipata kwa Kiarabu, katika sheria ya Kiislamu ni malipo yaliyo sawa na kosa, wala si hasira isiyo na mpaka. Na wenye damu wana hiari ya kusamehe au kupokea diya. Waskandinavia wa kale nao walikuwa na fidia ya damu. Majuto ni uchungu wa aliyekosa. Toba ni zaidi ya uchungu: ni kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na iwapo kosa limemgusa binadamu mwenzako, kumrudishia haki yake. Aliyejuta hajawa ametubu. Mtahiniwa akiishika tofauti hii, nusu ya mwisho wa utendi inamfungukia.

Turudi basi kisimani. Liyongo akiisha kuchomwa usingizini anaamka, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga magoti, anauvuta upinde na kukata roho akiwa hivyo. Mji unamwona kwa mbali na kudhani yu hai, amekasirika. Hakuna anayethubutu kuteka maji.

Hii ndiyo picha inayoivuruga hoja ya mtu wa amani. Mikono iliyompa mtoto siri ya kifo ndiyo mikono iliyouvuta upinde dakika za mwisho. Alimlenga nani? Mtoto alikwisha kukimbia. Utendi haumtaji mtu, na maiti inaulenga mji mzima, wakosaji kwa wasio na hatia, wanawake na mitungi yao. Ukitaka kuona kisasi kisichochagua, kitazame hapo: ni kiu ya watu ambao wengi wao hawakuijua hata hiyo sindano. Thorfinn alipata miaka ya kujifunza kuiweka silaha chini. Liyongo aliiweka mara moja, kwa ajili ya mwanawe, kisha akafa ameishika.

Na kijana je? Habari inampata mfalme, na ahadi zinageuka. Anafukuzwa. Hata kwa watu wa mama yake hapokewi. Anaugua kwa huzuni na maradhi mpaka anakufa. Hakuna aliyempiga. Yapo masimulizi ya nathari ambamo watu wa mji humwua kijana huyu asiupate ufalme, na kwa msikilizaji mwenye hasira mwisho huo unaridhisha zaidi. Kwa maoni yangu utendi wa Kijumwa umemshinda. Akiuawa, deni linalipwa na hadithi inafungwa. Akiachwa, inambidi aishi na kitendo chake katika jamii isiyompa njia yoyote ya kurudi. Anajuta, lakini hana Hild wa kumwekea sharti, hana shamba la kung'oa visiki, na aliyemkosea hayupo tena wa kumwomba radhi. Ana majuto yasiyofika kuwa toba. Msikilizaji wa Lamu wa mwaka 1913 alijua pia kanuni ya mirathi kwamba muuaji hamrithi aliyemwua. Kwa hiyo mbele ya sheria, na si mbele ya hila za mfalme peke yake, kijana alikuwa mikono mitupu tangu alipoishika sindano.

Mfalme hakuadhibiwa. Wanafunzi huliona hilo haraka kuliko sisi, na hukasirika. Waache wakasirike. Kithaka wa Mberia alilikasirikia pia, nadhani, ndipo akauchukua mgongo wa kisa hiki katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), iliyokuwa kitabu teule cha KCSE kwa miaka kadhaa. Humo msaliti ni ndugu, Gege, aliyeahidiwa binti wa mtawala Bokono, na Mwelusi anayeuawa si jitu la ajabu bali mpigania haki wa Butangi. Suala la nani alipe linahamishwa kutoka kwa ukoo hadi kwa umma.

Kama mwanafunzi wako ataka kuiona toba yenyewe, ana hatua chache tu za kwenda, ndani ya kitabu hichohicho cha Mulokozi. Katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, nafsineni anaukabili moyo wake mwenyewe na kuuonyesha Pate iliyoporomoka. Hakuna adui anayelaumiwa. Lawama inaanzia ndani. Ni somo refu, lakini mhusika kijana wa Liyongo angelihitaji.

Mjadala huu si wa vitabu tu katika visiwa hivi. Mnamo 1812 hivi, watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na Mombasa pale Shela, na mifupa ya waliouawa ilibaki ikifukuka mchangani kwa miaka mingi. Washindi hawakustarehe. Kwa kuhofia kisasi walipeleka ujumbe Oman, Sayyid Said akawaletea liwali na askari, na ngome ikakamilika mnamo 1821. Ushindi ulioishia kwa kumwita bwana wa mbali! Karibu zaidi na siku zetu, mwezi Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na kaunti nzima ikaingia katika kafyu. Kuna watahiniwa ambao kwao swali la damu ilipwe vipi si zoezi la insha. Mwalimu alijue hilo kabla ya kuuliza kwa sauti ya kuchangamsha kama Liyongo alistahili kulipiziwa.

Kwa sababu hiyohiyo, tahadhari na Wasanye. Utendi unawaonyesha wakiuza urafiki, na darasa huondoka na picha kwamba watu wa msituni ni wasaliti. Jamii hizo zipo, watoto wao wako madarasani. Mwelekeze msomaji amwone aliyetoa fedha. Mfalme alinunua rafiki, akanunua mtoto, na kila mara mnunuzi alibaki jumbani.

Ukitunga swali, basi, usiulize tena sifa za shujaa peke yake. Uliza: "Mtu yeyote katika utendi huu alikataa kulipiza? Thibitisha." Mtahiniwa dhaifu atamtaja Liyongo na kunyamaza kuhusu upinde. Aliye bora atamtaja Liyongo, ataueleza upinde, na atapata alama zake. Lakini tazama kama kuna atakayemwona mama. Mji uliomfunga mwanawe, uliomla chakula chake gerezani, unakwenda kumwomba amtulize Liyongo ili watu wapate maji. Hajui kwamba amekwisha kufa, anadhani amekasirishwa. Angeweza kuwaacha na kiu yao. Anakwenda kisimani, anasimama mbele ya mshale uliovutwa, anaanza kumwimbia.